Kufungua na kurudisha sproketi ya kemshafti: mwongozo kamili kwa injini ya 3S-FE

Oili ikilowesha kava la mkanda wa taiming upande wa juu, mara nyingi chanzo chake ni sili (mpira wa kuzuia oili) iliyokauka ya kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Sili hiyo imekaa nyuma ya sproketi, lile gurudumu la meno linalozungushwa na mkanda, na huifikii mpaka sproketi itoke. Sproketi hufunguliwa pia wakati wa kubadilisha hedi gasketi, au meno yake yakishalika. Boliti ni moja tu, na ikishatoka sproketi huvutwa kwa mkono. Ugumu wa kazi uko kwengine: kemshafti na krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) zisipoteane, na kemshafti ishikwe bila kuumiza mkanda wakati boliti inalegezwa na wakati inakazwa. Karibu kila gari linalorudi gereji likitetemeka baada ya kazi hii, limeharibiwa katika moja ya hayo mawili.

Mfano wetu ni 3S-FE ya Toyota, lita 2.0, silinda 4, valvu 16. Imo kwenye RAV4 za kizazi cha kwanza, 1994 hadi 2000, ambazo bado wageni wanakodishiwa kwenda Nungwi, Paje na Jambiani, na imo pia kwenye Noah za mwanzo na Corona na Caldina nyingi. Mkanda wake unazungusha sproketi moja tu ya kemshafti. Kemshafti ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa gia zilizomo ndani ya hedi, kwa hivyo gia hizo hutazigusa ukifungua sproketi peke yake. Ukikusudia kunyanyua kemshafti zenyewe, hiyo ni kazi nyengine: gia ya ndani ina chemchemi, na lazima ifungwe kwanza kwa boliti ya milimita 6 yenye urefu wa milimita 16 hadi 20, la sivyo kemshafti inatoka kwa mshindo na kuvunja kofia ya beringi.

Mkanda wa 3S-FE ukikatika, kwa kawaida valvu hazifiki kwenye pistoni. Gari linazima na kusimama tu. Usiichukulie hali hiyo kuwa ni ya injini zote. Injini za dizeli kama 2C, 3L na 5L, ambazo ziko tele kwenye gari za abiria na za mizigo, valvu zake hugonga pistoni mara mkanda unapokatika au kuruka meno ya kutosha. Katika hizo, usizungushe kemshafti hata kidogo wakati mkanda uko nje na pistoni ziko juu.

Kabla ya kufungua

Anza kwa kuujua umri wa mkanda, maana haina maana kufunga sili mpya halafu ukarudisha mkanda uliokwisha. Gari nyingi zimeingia Unguja na Pemba zikiwa zimeshatumika Japani, na mafundi wa kule wana tabia nzuri ya kubandika karatasi ndogo kwenye kava la taiming au karibu na kufuli ya boneti: tarehe ya kubadilisha mkanda na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu ya Kijapani ya enzi ya Heisei. Chukua namba hiyo, jumlisha 1988, utapata mwaka tunaoujua: 10 ni 1998, 20 ni 2008. Kama karatasi haipo, hesabu kwamba mkanda haujulikani na ununue mpya.

Muda wa mkanda huu ni kilomita 100,000. Kwa gari inayolala ufukweni au inayopita barabara za mchanga na vumbi la chokaa, ni busara kuubadilisha kwenye 80,000. Mchanga ukipenya ndani ya kava hufanya kazi kama msasa: unakula meno ya mkanda na ya sproketi kwa pamoja. Ndiyo maana gasketi nyembamba za mpira zinazozunguka makava, ambazo wengi huzitupa, zina thamani kubwa hapa kwetu kuliko katika nchi zisizo na pwani.

Spea za kuwa nazo mkononi: sili moja ya kemshafti, gasketi ya kava la valvu pamoja na mipira ya nati zake, gasketi za makava ya taiming, na silikoni ya gasketi inayostahimili oili. Ikiwa unabadilisha mkanda, ongeza mkanda, puli mbili (ya kukazia na ya kuongozea), chemchemi ya puli ya kukazia, sili ya krankshafti na sili ya pampu ya oili. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Ikionesha alama ya maji yaliyokauka chini ya shafti yake, au ikicheza ukiitikisa, ibadilishe sasa. Kupata vyote hivyo mapema ni muhimu zaidi kwa walio Pemba. Spea isiyokuwepo Chake Chake au Wete itasubiri boti kutoka Unguja au Dar es Salaam, na injini iliyofunguliwa ikakaa siku nne kwenye hewa ya chumvi inaanza kushika kutu kwenye kila sehemu iliyosafishwa.

Mkanda mpya usiukunje, usiupinde kwa nje wala usiupindue ndani nje. Nyuzi za ndani zinavunjika bila kuonekana. Mkanda uliokunjwa dukani ukafungwa kwa raba kama hirizi, usiununue.

Vifaa ni soketi za namba 10, 12, 14, 17 na 19, spana ya mdomo wazi kubwa ya kushikia kemshafti, jeki na stendi mbili, kipande cha mbao, bisibisi bapa, kisu chenye ncha, bomba au soketi kubwa inayolingana na ukingo wa sili, tipeksi au rangi ya kucha nyeupe, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa newtoni-mita (Nm). Kama huna spana ya toki, chukua mizani ya kuning'iniza ya chemchemi, ile ya kupimia samaki. Ifunge kwenye mpini wa racheti sentimita 30 kutoka katikati ya boliti, kisha ivute kwa pembe mraba na mpini. Kilo 18 na theluthi moja zinakupa Nm 54. Kilo 14 na robo zinakupa Nm 42. Kwa boliti ya krankshafti ya Nm 108, shika mizani sentimita 50 kutoka katikati na uvute kilo 22. Pima kwa rula, usikisie. Njia hii ni bora mara nyingi kuliko "nimekaza kwa mkono, inatosha".

Siku moja kabla, nyunyizia mafuta ya kulegezea kutu kwenye boliti ndogo za makava, zile za namba 10. Chumvi huzila na kichwa hukatika kirahisi. Nyunyiza kwa nje tu na kwa uchache. Mafuta hayo yakifika kwenye mkanda, mkanda huo umekwisha.

Kuifikia sproketi

Kazi ifanywe injini ikiwa baridi kabisa, gari liko pahala tambarare. Chomoa waya hasi wa betri. Legeza nati za tairi la mbele upande wa dereva, nyanyua, weka stendi, toa tairi na plastiki ya pembeni. Hapo unaiona puli ya krankshafti. Upande huo ndio wa silinda namba moja.

Toa mikanda ya nje ya alteneta na pawa stelingi. Chora mpangilio wa mikanda hiyo kwenye karatasi kama hujaizoea. Kwenye RAV4 maunti (kishikilio cha injini) ya kulia inazuia kava la juu: weka jeki na mbao chini ya ukingo wa sampu, yaani bakuli la oili, beba uzito wa injini tu bila kuinyanyua gari, kisha fungua maunti. Jeki ikae hapo mpaka mwisho. Kwenye Noah injini imelala chini ya viti vya mbele, nafasi ni finyu, na muda wa kuifikia ni mrefu zaidi.

Toa waya za plagi (shika kofia, usivute waya), toa plagi zote nne ili injini izunguke wepesi, halafu kava la valvu. Kava la valvu lazima litoke kwa sababu kemshafti ina sehemu yenye pande sita iliyotengenezwa makusudi kwa kushikwa kwa spana. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa safi. Kisha fungua boliti za kava la juu la taiming na uziweke kwa mpangilio, kwa vile urefu wake haulingani. Boliti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua alumini.

Sasa weka pistoni namba moja juu. Kwa soketi 19 kwenye boliti ya krankshafti, zungusha kulia kama akrabu za saa, ukiwa umeitazama puli. Usizungushe kinyume kamwe, kwa sababu mkanda utalegea upande usiotakiwa na unaweza kuruka jino. Simamisha mfereji wa puli ukabiliane na alama ya 0 kwenye kava la chini. Halafu angalia juu: sproketi ina tundu dogo, na kofia ya beringi ya kemshafti iliyo nyuma yake ina alama. Ukitazama kupitia tundu hilo uione alama.

Hapa watu wanakosea sana. Krankshafti inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti, kwa hiyo alama ya 0 inafika mara mbili lakini tundu la sproketi linafika mara moja. Kama chini kuko sawa na tundu liko upande wa pili, huo ni mwisho wa mpigo wa silinda namba nne. Zungusha krankshafti mzunguko mmoja kamili mwengine, basi tundu litakuja. Kwa injini yenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa plagi, rota yake (kile kipande kinachozunguka ndani) nayo itakuwa imeelekea waya wa plagi namba moja.

Kulegeza mkanda na kuufunga usianguke

Ikiwa mkanda unarudi, chora mstari wa tipeksi juu ya jino la sproketi na juu ya mkanda pahala pamoja, na mstari mwengine juu ya mkanda na ukingo wa kava la chini. Kausha dakika kumi kabla ya kugusa. Chora pia mshale wa mwelekeo wa mzunguko, kwa kuwa mkanda uliokwisha kutumika haugeuzwi.

Kava la chini lina kizibo cha mpira. Kitoe, na kupitia tundu hilo utafikia boliti ya puli ya kukazia. Ilegeze, sukuma puli kushoto mpaka mwisho wake, kisha kaza boliti kidogo ili ibaki huko. Mkanda utalegea na kuvuka juu ya sproketi kwa mkono. Usiukwanyue kwa bisibisi.

Mkanda ukishatoka juu, uzuie usiteleze chini. Ukiachia, meno yake yanaachana na ya krankshafti, na hapo alama zako za tipeksi hazina kazi tena. Itabidi ufungue puli ya krankshafti na kava la chini kuanza upya. Funga kamba safi kutoka kwenye mkanda hadi kwenye boneti, ivutwe juu muda wote. Tandika kitambaa kavu chini ya eneo la sili, kwa vile oili itashuka.

Kufungua sproketi

Ingiza spana ya mdomo wazi kwenye ile sehemu ya pande sita ya kemshafti. Egemeza mpini wa spana pahala ambapo hautagonga hedi. Ukigonga ukingo wa hedi unaacha jeraha ambalo litavuja oili chini ya gasketi. Mtu wa pili aishike spana kwa mikono miwili, nawe ulegeze boliti ya sproketi kwa racheti ndefu. Vuta kwa nguvu ya taratibu, usipige kwa nyundo. Spana ya hewa inayogonga pia isitumike hapa: mshindo wake unaufikia ukingo wa pini na gia ya ndani.

Njia mbaya iliyozoeleka ni kulegeza boliti wakati mkanda bado umefungwa, mkanda wenyewe ukiachiwa uishike kemshafti. Nguvu yote inakwenda kwenye meno machache. Mkanda hautakatika siku hiyo. Utakatika miezi baadaye, njiani, na hakuna atakayekumbuka sababu. Kama kava la valvu haliwezi kutoka, tengeneza kishikio: chuma bapa chenye urefu wa nusu mita, boliti mbili zimechomelewa au kufungwa ili ziingie kwenye matundu ya sproketi. Hicho ni kifaa cha bei ndogo, na kinakaa miaka.

Boliti ikitoka, vuta sproketi moja kwa moja mbele. Ikiwa imeshika kutu, itikise kushoto na kulia kwa vidole, au gonga kitovu chake pole kwa mpini wa mbao. Usipachike bisibisi mbili nyuma ya meno na kuikwanyua, sproketi itapinda. Mbele ya kemshafti kuna pini ndogo. Hakikisha imebaki mahala pake, na kama imetoka iweke kwenye kikopo kimoja na boliti.

Angalia upande gani wa sproketi ulikuwa nje. Tia alama ya tipeksi sasa hivi, hata kama unaona ni wazi.

Kukagua

Osha sproketi kwa petroli au dawa ya breki, ikauke, uichunguze kwenye jua. Meno yawe na mabega mapana ya kufanana. Ukiona yameng'ara upande mmoja, yamechongoka, au yana mistari kama ya msasa, sproketi imeliwa na mchanga na itakula mkanda mpya. Kutu ya juujuu husafishwa kwa brashi ya nailoni. Kutu iliyochimba vishimo kwenye meno haisafishiki. Pitisha ukucha kwenye ufa wa pini, yaani mwanya wa sproketi ambamo pini ya kemshafti huingia. Ufa huo ukiwa umepanuka, sproketi itacheza kidogo kila gari likiwashwa na kuzimwa, taiming itahama na ufa utazidi kupanuka. Kasoro hiyo hutokana na boliti kutokazwa ipasavyo mara iliyopita. Sproketi iliyotumika kutoka injini nyengine ya 3S-FE inafaa ikiwa ni nzima. Ya injini isiyokuwa hiyo isikaribishwe hata ikiwa inaingia, kwa kuwa nafasi ya pini kulinganisha na meno inaweza kutofautiana.

Zungusha kwa vidole puli ya kukazia na ya kuongozea. Ikikwaruza, ikilia, au ikizunguka huru mno kama haina grisi ndani, ibadilishe.

Kubadilisha sili

Kata mdomo wa sili ya zamani kwa ncha ya kisu, funga utepe kwenye ncha ya bisibisi bapa, kisha ikwanyue taratibu. Utepe ni kwa ajili ya kemshafti. Mkwaruzo mmoja pale mdomo wa sili unapokaa utavujisha sili mpya siku ya kwanza. Kama kuna mfereji mwembamba uliochimbwa na sili ya zamani, isukume sili mpya milimita moja nje au ndani zaidi ili mdomo wake upate njia mpya, mradi bado imekaa sawa.

Safisha kiti chake kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Paka grisi kidogo kwenye mdomo wa sili, iweke kwa mkono ikae sawasawa, halafu igonge kwa bomba linalogusa ukingo wake wa nje tu, mpaka ilingane na uso wa hedi. Ikiingia upande, itoe uanze tena. Oili yote iliyochuruzika kwenye kava la nyuma ifutwe kwa dawa ya breki, maana tone moja linatosha kuulainisha mpira wa mkanda. Mkanda uliokwisha kulowa oili hauoshwi. Unatupwa.

Kurudisha sproketi

Hakikisha krankshafti bado iko kwenye 0. Futa uso wa kemshafti na mgongo wa sproketi viwe vikavu. Chembe moja ya mchanga katikati inaifanya sproketi izunguke kwa kuyumba. Linganisha ufa na pini, sukuma sproketi mpaka ikae kabisa. Isipokaa, pini haijaingia. Hapo usiivute kwa boliti, kwa sababu boliti itaiminya pini na kuivunja, na sproketi itaonekana imekaza wakati imesimama juu ya kipande cha chuma.

Safisha nyuzi za boliti, ianze kwa vidole mizunguko kadhaa, shika tena ile sehemu ya pande sita kwa spana, kaza kwa Nm 54, sawa na kilo-mita 5.5 au futi-pauni 40. Nguvu ya kukaza isipite kwenye mkanda safari hii pia.

Geuza kemshafti kwa spana kidogo tu mpaka alama ya kofia ya beringi ionekane katikati ya tundu dogo. Rudisha mkanda kwa kuanzia upande usiokuwa na puli ya kukazia: upande huo uwe umenyooka na umekaza kati ya krankshafti na sproketi, kisha umalizie juu na kushuka upande wa puli ya kukazia, ambako ulegevu wote utakusanyika. Ukiacha ulegevu upande wa pili, alama zitaonekana sawa mkanda ukiwa umelegea, na zitahama jino moja mara puli itakapokaza. Kama unarudisha mkanda wa zamani, mistari ya tipeksi nayo ikutane.

Legeza boliti ya puli ya kukazia nusu mzunguko na uiache chemchemi iisukume puli yenyewe. Usiibane kwa nyenzo: mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuma kama nyuki na huua beringi ya pampu ya maji. Zungusha krankshafti kulia mizunguko miwili kamili, taratibu, kutoka 0 hadi 0. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama utafute sababu. Tazama tundu la sproketi. Likikosea alama hata kwa jino moja, toa mkanda urudie; haiji kuwa sawa yenyewe.

Likiwa sawa, zungusha tena krankshafti kulia mizunguko miwili kasoro nyuzi 45, yaani mpaka mfereji wa puli ufike kwenye alama ya nyuzi 45 kabla ya 0. Pahala hapo ndipo kemshafti inapouacha mkanda katika hali inayofaa kukazwa, kwa hiyo usikaze puli kwenye 0. Kaza boliti ya puli ya kukazia kwa Nm 42, rudisha kizibo cha mpira. Kama ulitoa puli ya krankshafti, boliti yake ni Nm 108.

Kufunga na kuwasha

Rudisha makava na gasketi zake zote, maunti, mikanda ya nje, plagi na waya kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kabla ya kava la valvu, injini ingali baridi, ni nafasi nzuri ya kupima uwazi wa valvu: za kuingiza milimita 0.19 hadi 0.29, za kutolea moshi milimita 0.28 hadi 0.38. Gasketi ya kava la valvu iwekwe kavu, ila pembe zinazokutana na kofia za beringi za mwanzo zipate tone la silikoni.

Washa usikilize. Mlio wa kukwaruza mbele ni mkanda unaogusa kava. Ikiwa injini inawaka kwa tabu, inatetemeka kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) na haina nguvu mlimani, kwanza shuku jino moja, kabla hujagusa nozeli au kompyuta. Kwa gari yenye distribyuta, pima wakati wa moto wa plagi ukiwa umeunganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi kwenye kisanduku cha uchunguzi: unatakiwa kuwa nyuzi 10 kabla ya 0, injini ikiwa imepata joto na iko kwenye sailensa. Kama distribyuta inalazimika kugeuzwa mpaka mwisho wa nafasi yake ili kufika nyuzi 10, usiifiche kasoro kwa distribyuta, mkanda umekosewa. Baada ya siku mbili tatu za kutembea, tazama kwa tochi chini ya kava la juu kama kuna unyevu wa oili. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, ibandike juu ya kava na uifunike kwa utepe wa plastiki, chumvi isiifute.

Injini zenye sproketi mbili, na zenye cheni

Kwenye injini kama 4A-GE na 3S-GE mkanda unazungusha sproketi mbili. Mkanda ukitoka, chemchemi za valvu zinaweza kuizungusha kemshafti moja ghafla, vidole vikiwa katikati. Shika kila kemshafti kwa spana yake, tia alama ya kuingiza na ya kutolea kwenye sproketi kabla hazijatoka, na fungua moja baada ya nyengine. Valvu za 3S-GE zinagonga pistoni, kwa hiyo jina la 3S lisikufanye uichukulie kama 3S-FE.

IST, Probox na Vitz zenye 1NZ-FE zina cheni, na sproketi ya kemshafti ya kuingizia ina kifaa cha VVT-i, kinachobadilisha wakati wa valvu kufunguka, ndani yake. Boliti ya kufungua ni ile moja ya katikati. Zile boliti nne ndogo zinazoizunguka hazifunguliwi. Zikifunguliwa kifaa kinaachana ndani, oili inapotea njia yake, na hakuna dawa isipokuwa kununua sproketi nzima.